Mama wa rafiki yangu anataka nimwandikie mwanawe alikuwaje chuoni, na kalamu imegoma

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Ninayekuandikia habari zake alifariki miezi kumi na minne iliyopita. Jina lake sitalitaja. Chuoni tuliitana Pacha, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Tulikutana siku ya kwanza kabisa, kwenye foleni ya usajili. Namba yangu iliishia na 46, yake 47. Kwa sababu ya namba hizo tu tukapangiwa chumba kimoja bwenini, tukawekwa kundi moja la semina, na kwenye kila mtihani kwa miaka minne yeye alikaa nyuma yangu. Nilikuwa nausikia mguu wake ukigonga sakafu akiwa anafikiri. Mguu ukitulia, najua jibu limepatikana.

Vipindi vya mchana vilinishinda, nilikuwa nasinzia. Pacha hakuwahi kuniamsha. Alilivuta daftari langu polepole kutoka chini ya mkono wangu na kuendelea kuandika pale nilipoishia, kwa mwandiko wake ulioinamia kushoto. Nikizinduka nakuta pembeni ya ukurasa ameandika kwa penseli: "Umelala saa 8:20. Umeamka 8:45. Hujakosa kitu." Daftari hizo ninazo zote, na maandishi ya namna hiyo yamejaa humo.

Miaka mitatu baada ya kuhitimu nikaolewa. Yeye ndiye aliyekuwa asimame pembeni yangu siku hiyo. Ilipobaki wiki moja akanitumia ujumbe wa mstari mmoja: hataweza kuja, na nisimuulize kwa nini. Sikumuuliza. Nilikasirika nikanyamaza, naye akanyamaza, na ukimya huo ukatula miaka miwili. Tulirudi kuzungumza mtoto wangu alipozaliwa, ila tulizungumza kama watu wanaopita juu ya sakafu ambayo saruji yake haijakauka. Siku ya mazishi ndipo mdogo wake aliponieleza, bila kujua anachonieleza, kwamba dada yake alianza matibabu mwezi ule ule wa harusi yangu.

Msibani nilikuwa kama mgeni. Waliitwa ndugu, wakaitwa wafanyakazi wenzake, wakaitwa majirani. Wasifu ulipofika kwetu ukasema: "Akajiunga na chuo, akahitimu." Basi. Miaka yetu minne ikaisha hapo, msomaji akafungua ukurasa mwingine.

Sasa mama yake amenipigia simu. Aliniambia hivi: "Mwanangu, mimi nilimfikisha getini na begi lake, na nilipokuja kumchukua nikamkuta mtu mzima. Katikati hapo sijui. Niandikie." Nilimwahidi. Nimeanza mara nne. Kila nikianza naandika "alikuwa mcheshi, mkarimu, mcha Mungu," nikisoma naona ni mtu yeyote tu, nachana.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini juzi alinikuta nalia juu ya daftari akasema, "Kwani alikuwa ndugu yako?" Mwenzangu kazini anasema huzuni ina hatua tano na mimi nimekwama kwenye ya hasira. Labda ni kweli, maana wakati mwingine namkasirikia yeye mwenyewe, marehemu, halafu naona aibu.

Shangazi, je, miezi kumi na minne si mingi mno? Na kwenye barua ya mama, nimweleze kwamba mimi na mwanawe tulikosana miaka miwili, tena akiwa mgonjwa? Nikificha naona nadanganya. Nikisema naona namuua mara ya pili.

Pacha aliyebaki

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Pole hii ni yako wewe mwenyewe, kwa sababu naona katika msiba huu pole zimegawiwa watu wote zikakuruka.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale mama anaposema "katikati hapo sijui." Yule mama ana utoto wote wa mwanawe. Ana ugonjwa, ana siku za mwisho. Kilichomponyoka ni miaka minne ambayo binti yake aliingia msichana akatoka mwanamke, na mtu aliyekuwepo usiku na mchana katika miaka hiyo, aliyelala hatua tatu kutoka kitanda chake, ni wewe. Ndiyo maana hakumpigia mhadhiri wala mkuu wa bweni.

Kwa hiyo swali la mume wako lina jibu. Hakuwa ndugu yako. Alikuwa rafiki, na kifo cha rafiki kina shida yake ya pekee: hakuna anayekupa ruhusa ya kukililia. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani aitwaye Kenneth Doka aliliandikia jambo hili. Alieleza kwamba ipo huzuni ambayo jamii haiitambui, haiipi nafasi hadharani wala haiipelekei pole, kwa kuwa uhusiano wenyewe hauhesabiwi kuwa wa karibu. Huzuni ya rafiki imo humo. Watafiti waliofuatilia taarifa za watu zaidi ya 26,000 nchini Australia, wakachapisha matokeo mwaka 2019, waliona kwamba kufiwa na rafiki wa karibu kunaweza kuigusa afya ya mtu, mwili na akili, kwa muda unaofika miaka minne. Minne, mwanangu. Wewe una mmoja na miezi miwili.

Mume wako lakini usimpelekee takwimu. Mwoneshe ukurasa wa saa 8:20. Keti naye, mfungulie, msomee. Yeye amekukuta unalia juu ya daftari na hajui daftari lina nini. Machoni pake ni karatasi za zamani za masomo. Nadhani alisema lile neno kwa kuchoka kukuona unaumia na kukosa la kufanya. Wanaume wengi wema huropoka pale wanaposhindwa kusaidia. Mpe nafasi ya kumjua Pacha.

Kuhusu hatua tano, naomba nilisemee kwa nguvu kidogo kwa sababu nalisikia kila mahali na limewaumiza watu wengi. Hatua hizo zilitokana na Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, katika kitabu chake cha mwaka 1969. Alikuwa amezungumza na wagonjwa waliojua kwamba wao wenyewe wanakufa. Zilikuja kuhamishiwa kwa wafiwa baadaye, na watu wakazifanya ngazi: huyu yuko ya pili, yule amekwama ya tatu, kana kwamba kuna mtihani na wewe umepata sapu. Huzuni haina ngazi. Asubuhi unacheka na mtoto wako, jioni harufu ya karatasi inakurudisha bwenini. Hiyo ni siku ya kawaida kabisa ya mfiwa.

Na miezi? Wataalamu wanao utaratibu wa kutambua huzuni iliyogeuka ugonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu Januari 2022, inaanza kuuzungumzia ikipita miezi sita. Ya madaktari wa akili wa Marekani, ya mwaka huo huo, inasubiri miezi kumi na miwili kwa mtu mzima. Lakini zote mbili hazihesabu miezi peke yake. Zinauliza kama mtu anaweza kuishi. Je, unakwenda kazini? Unamhudumia mtoto? Unakula, unalala, unafurahi siku nyingine? Kwa ninavyokusoma, ndiyo. Ungeniambia kwamba kila siku, karibu kutwa nzima, humwazi mwingine ila yeye, kwamba maisha yako hayana maana tena, kwamba unatamani kumfuata, ningekuambia uiache barua hii hapa na uende leo kwa daktari au mshauri nasaha. Na siku yoyote ukijiona unaelekea huko, nenda, usinisubiri mimi.

Sasa tuje kwenye kalamu.

Kuna mshairi wa Kiingereza, Alfred Tennyson, aliyempata rafiki wa maisha akiwa mwanafunzi Cambridge, kijana aitwaye Arthur Hallam. Hallam alifariki ghafla mjini Vienna mwaka 1833, akiwa na miaka 22. Tennyson alianza kumwandikia beti mwaka huo huo, kipande leo, kipande siku nyingine, bila kuwaza kitabu. Vipande hivyo vilikuja kuunganishwa na kuchapishwa mwaka 1850. Hesabu mwenyewe: miaka kumi na saba. Na mtoto wake alipozaliwa mwaka 1852 alimwita Hallam. Nakutajia habari hii kwa ajili ya neno moja tu, vipande. Wewe unakaa chini kumwandika Pacha mzima kwa mpigo mmoja, tangu foleni ya usajili mpaka mahafali, na mtu mzima hatoshi kwenye karatasi, ndipo unakimbilia "mcheshi, mkarimu, mcha Mungu." Maneno hayo mama ameyasikia msibani mpaka yamemchosha. Kila marehemu huitwa hivyo.

Lakini mguu unaogonga sakafu hakuna aliyemwambia. Au pengine anaujua! Pengine atasoma habari za ule mguu na kukumbuka meza ya nyumbani, binti wa miaka tisa anafanya hesabu, sakafu inalia, na yeye anapaza sauti kutoka chumba cha pili: tuliza mguu wewe. Hapo ndipo mtakapokutana, wewe na yeye, juu ya mtu yule yule.

Hicho ndicho nitakachokuomba uandike, mambo ya kiasi cha ule mguu. Alikuwa akiamka vipi? Alikuwa wa kwanza kuzima taa au wa mwisho? Matokeo yalipobandikwa alikwenda mwenyewe kuyasoma au alikutuma wewe? Alipokuwa na hofu alifanya nini? Alikuwa akimsemaje mama yake alipomkumbuka usiku? Hili la mwisho liandike hata kama lingine lote litakushinda, maana yule mama hajathubutu kuliuliza. Na andika na ukaidi wake. Lazima alikuwa nao. Hakuna watu wawili wanaokaa chumba kimoja miaka minne bila mmoja kumnunia mwenzake kwa sababu ya dirisha au ndoo. Mama aliyemlea anamjua alivyo. Ukimpelekea malaika hatamtambua.

Mbona chanzo cha barua unacho tayari, tena kwa mwandiko wake? Hapo nina ombi la haraka: zipige picha kurasa hizo wiki hii. Penseli hufifia, na kila ukurasa unapousugua mwenzake inafutika kidogo kidogo. Ukishapiga, weka nakala mahali pengine mbali na simu yako, pamoja na ujumbe wake wa sauti kama unao, maana simu hupotea. Mama mtumie nakala. Daftari lenyewe usimpe lote kwa huruma ya siku moja ukaja kulitafuta miaka kumi ijayo. Ukitaka, mkatie ukurasa mmoja, ule uupendao kuliko zote, umpe ukiwa naye ana kwa ana.

Nimeacha ugomvi mwisho kwa sababu ndio uliokufanya uniandikie, hata kama umeutaja katikati.

Usiuweke kwenye barua hii. Nakuambia hivyo bila kusita. Mama amekuomba mwanawe. Ukimpelekea na majuto yako utakuwa umemwomba kitu. Itambidi auache uchungu wake akubembeleze wewe, aseme "hapana mwanangu, usijilaumu," na atasema, kwa kuwa ni mama. Huo mzigo usimtwike. Kutousema si kudanganya, madhali huandiki kinyume chake. Usiandike kwamba hamkuwahi kukosana. Andika ya chuoni, aliyokuomba, na barua iishie siku ya mahafali. Kuna siku huenda akakuuliza mwenyewe, "Mbona sikukuona ile miaka?" Siku hiyo mjibu kweli, kwa maneno machache.

Hali kadhalika yale aliyokunong'oneza usiku taa zikiwa zimezimwa. Kifo hakijakupa ufunguo wa siri za mwenzako. Ukiwa na shaka kama jambo fulani angependa mama yake alijue, liache.

Na wewe, je? Wewe na ule mstari mmoja wa ujumbe?

Mwanangu, alisema usimuulize, na hukumuuliza. Ulitii kwa hasira, ni kweli, lakini ulitii. Unajihukumu leo kwa jambo ambalo siku ile hukulijua, na hukulijua kwa sababu yeye aliamua usilijue. Mgonjwa ana haki ya kuchagua nani ajue. Pengine hakutaka harusi yako iwe na kivuli. Pengine alitaka abaki mtu mmoja duniani ambaye kwake bado ni Pacha tu, si mgonjwa. Sababu yake aliondoka nayo, na mimi sitakutungia. Ninachokiona ni kwamba alikupenda na akakuumiza kwa kitendo kimoja hicho hicho. Alikunyima nafasi ya kumwandikia pembeni, zamu hii wewe: umelala saa fulani, umeamka saa fulani, hujakosa kitu. Una haki ya kukasirika kwa hilo. Hasira kwa marehemu haina dhambi wala haimpunguzii heshima. Tunawakasirikia tuliowategemea.

Kwa hiyo barua ziwe mbili. Ya mama, na ya Pacha mwenyewe. Hii ya pili mwandikie kama ulivyokuwa ukimsemesha chumbani, bila "marehemu," bila adabu ya msibani. Mwambie ulivyosimama siku ya harusi pembeni yako pakiwa na mtu mwingine. Mwambie ulivyomlaani moyoni. Mwambie mdogo wake alichokueleza na miguu yako ilivyokuisha nguvu pale pale. Ihifadhi ndani ya daftari au ichome, ni yako. Ila iandike kwanza, kabla ya ile ya mama. Nadhani ndiyo inayoiziba njia. Kila ukianza kumsifu Pacha, lile usilolisema linakuja kukaa mbele ya mlango.

Ukihitaji mtu hai wa kumweleza, yuko yule mdogo wake. Si leo wala si kwa simu. Hajui kwamba siku ile alikupasulia moyo, na anastahili kujua, kwa upole. Nawe pengine utapata kwake vitu vidogo vya ile miaka miwili usiyokuwa nayo, kama vile mama anavyotaka kwako vya ile minne. Huna katikati yako na wewe?

Wenzenu wa darasa wasumbue pia. Waulize kila mmoja jambo moja tu analomkumbuka Pacha akilifanya. Wakikujibu "alikuwa mtu wa watu," warudishie swali: nataka jambo, lini, wapi. Utashangaa watakavyoamka. Ongeza hayo kwenye barua kwa kusema nani kakuambia, mama ajue kwamba mwanawe hakukumbukwa na mmoja tu.

Jumapili mtoto akishalala, fungua ule ukurasa wa saa 8:20. Andika lilikuwa somo gani, nani alikuwa anafundisha, mlikaa safu ya ngapi, jua liliingia kutoka upande gani. Eleza ulivyojua kwamba hakuandika kwa pupa ingawa alikuwa akiandika daftari mbili kwa wakati mmoja, lake na lako. Ukimaliza hapo funga, usiendelee. Jumapili nyingine chukua ukurasa mwingine. Ukifika kurasa tatu au nne tuma, mama hasubiri kitabu.

Halafu niandikie alichojibu kuhusu ule mguu.

Shangazi yako